Osama Ndani ya Gunia

Agosti 2003 nilikuwa na miaka tisa, na nililala chumba kimoja na magunia manne ya mahindi. Ilikuwa kwa susu, upande wa Kibwezi, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara ya Mombasa. Wajukuu wa Nairobi tulikuwa wengi likizo ile, vitanda vikatuishia, nami nikatandikiwa godoro kwenye stoo. Usiku wa kwanza sikulala. Kulikuwa na sauti. Haikuwa panya, panya hukimbia, akasimama, akakimbia tena. Hii haikusimama hata kidogo. Ilikuwa kama manyunyu juu ya mabati, ila hakukuwa na mvua, na ilitoka ndani ya gunia lililokuwa karibu na kichwa changu.

Asubuhi nikamwambia susu. Hakushangaa. Alifungua gunia, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa ukiwa mweupe pepe.

"Ni Osama, mama," akasema, kama anayenitajia jirani.

Osama niliyemjua mimi ni yule wa taarifa ya habari ya saa moja. Huyu wa susu alikuwa mdudu mweusi-kahawia, mfupi kuliko punje ya mchele, na alikuwa amejaa gunia zima. Siku hiyo hatukucheza. Tulimwaga mahindi yote juu ya turubai, tukapeta kwa uteo, tukachekecha, tukapeta tena. Yalikuwa mavuno ya Februari, ya mvua za vuli, ambazo Ukambani ndizo mvua zenyewe. Vumbi lililobaki tuliwatupia kuku; walidonoa kidogo wakaondoka zao. Jioni magunia manne yalikuwa matatu, na hilo la tatu halikufika mdomoni. Susu alikaa kwenye kigoda akahesabu miezi kwa vidole, kutoka Agosti hadi Februari. Akafika mwisho, akaanza kuhesabu upya.

Miaka mingi baadaye ndipo nilianza kuuliza huyu mdudu alitoka wapi. Nilidhani ni wa pale pale, wa tangu zamani, kama mchwa na nzige. Kumbe ni mgeni, na kwa umri ni karibu rika na mama yangu mdogo.

Jina lake la vitabuni ni Prostephanus truncatus. Hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake aliyekatwa, kwa sababu nyuma yake ni kama mtu alimkata kwa kisu akiwa bado mbichi. Urefu wake ni milimita tatu hadi nne na nusu. Kichwa hukioni ukimtazama kutoka juu, kimefichwa chini ya kifua, na kifua chenyewe kina vijino kama tupa. Watanzania humwita dumuzi. (Ukitafuta neno hilo kwenye simu utaletewa pia mungu wa wachungaji wa Sumeri, mume wa Inanna. Hawana uhusiano, japo yule naye husemwa hutumia nusu ya mwaka gizani.) Ukoo wake ni wa watoboa mbao. Hilo ni la kukumbuka, kwa kuwa linaeleza karibu kila kitu kilichofuata: huyu si mdudu wa nafaka aliyezoea kula laini. Ni fundi wa mbao aliyegundua kwamba hindi kavu ni mti mtamu.

Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati, kule kule ambako watu walianza kulima mahindi miaka elfu tisa hivi iliyopita. Wareno walipoyaleta mahindi Afrika katika karne ya 16, yalivuka bahari bila yeye. Kwa zaidi ya miaka 400 tulikuwa na mahindi na hatukuwa na dumuzi. Babu zetu walikuwa na wadudu wengine, ndiyo, na wadudu hao ni wazee kweli kweli. Yule mbawakawa mdogo mwekundu unayemkuta ndani ya pakiti ya unga iliyosahaulika kabatini, yule anayekufanya uapishe kwamba hutanunua tena duka hilo, jamaa zake wamepatikana katika makaburi ya Misri ya Mafarao, ndani ya vyombo vya chakula walichowekewa wafu. Huko York, Uingereza, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta ghala la Kirumi la karne ya kwanza ambalo wadudu wa nafaka walilizidi, hadi wenyewe wakalifukia kwa udongo na kujenga jipya juu yake. Jeshi la Roma lilishinda makabila ya kila upande likashindwa na wadudu wa ngano.

Kwetu mdudu mkuu wa zamani ni fukusi, yule mwenye pua ndefu. Fukusi hula, lakini hula kwa kiasi. Vipimo vya Kenya vya miaka ya 70 viliweka hasara yake ghalani kwa mkulima mdogo karibu asilimia 5 kwa msimu. Unaweza kuishi na asilimia 5. Watu waliishi nayo. Susu alinieleza jinsi mama yake alivyohifadhi kinyanya, mahindi ya Wakamba ya punje ngumu: hayakupukuchuliwa. Yalikaa kwenye gunzi na maganda yake yamefunga vizuri, ndani ya ikumbi, ghala la fito lililoinuliwa juu ya miguu yake. Ya mbegu yalining'inizwa jikoni juu ya moto, yakalowa moshi mpaka yakawa meusi. Kule pwani Wamijikenda nao waliweka yao darini juu ya mafiga. Ganda lilikuwa ukuta, moshi ulikuwa askari, na jivu likamalizia. Kwa fukusi, hiyo ilitosha. Mbegu za kisasa zilipofika, Katumani na wenzake, zilikomaa mapema na zikazaa zaidi, lakini wengi wa wazee watakuambia ukuta ule wa ganda haukuwa kama wa kwanza. Hata hivyo mapatano na fukusi yaliendelea.

Mapatano hayo yalivunjikia Tabora.

Katikati ya miaka ya 70 Tanzania ilipita kipindi kibaya cha ukame, na mahindi mengi yakaagizwa kutoka nje. Magharibi mwa nchi kulikuwa pia na kambi za wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, watu ambao mwanzoni walihitaji kulishwa. Wengi waliochunguza jambo hili wanaamini dumuzi aliingia kwa mahindi ya aina hiyo, ya kuokoa watu. Hakuna aliyemwona akishuka. Kinachojulikana ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 70 wakulima wa mkoa wa Tabora, hasa upande wa Urambo, walianza kulalamika juu ya mdudu anayegeuza mahindi kuwa unga kabla hayajafika kinuni, na kufikia 1981 alikuwa ametambuliwa rasmi. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuonekana kuwa balaa katika bara hili.

Takwimu za wakati ule ukizisoma ukiwa na picha ya ghala kichwani, zinatisha. Mkulima wa kawaida alipoteza kama asilimia 9 ya uzito wa mahindi yake ndani ya miezi mitatu hadi sita tu. Wengine walifika asilimia 34. Muhogo mkavu, ambao ni akiba ya mtu aliyekosa mahindi, nao alikuwa anautafuna. Na sifa iliyowachanganya wataalamu ni hii: ushauri wa kila siku ni kukausha mahindi vizuri, kwa sababu fukusi hapendi punje kavu sana. Dumuzi hajali. Anaishi na kuzaa ndani ya mahindi makavu kiasi ambacho fukusi angeshindwa. Ukikausha, umemwandalia mbao.

Cha pili, anapenda zaidi mahindi yaliyo kwenye gunzi. Punje iliyoshikwa imara haisogei anapotoboa. Punje iliyolegea ndani ya gunia inamzungukia. Maana yake ni kwamba ile hekima yote ya ikumbi, ya kuacha hindi na ganda lake, sasa ilikuwa inamfanyia kazi adui. Maofisa wa kilimo wakapita vijijini Tanzania, baadaye na huku, wakisema kinyume cha walichosema mama zetu: pukuchua upesi, changanya na dawa, tia guniani. Ushauri ulikuwa sahihi. Lakini fikiria nani hupukuchua. Zamani mwanamke alitoa magunzi machache kila jioni na kupukuchua ya kesho. Sasa ilibidi yote yamalizwe ndani ya wiki moja, kwa mikono, wakati ule ule shamba likimngoja. Na dawa ikawa gharama mpya ambayo bibi yake hakuwahi kuilipa.

Dawa yenyewe ilikuwa na kisa chake. Ile ya unga iliyozoeleka ilimuua fukusi ikamwacha dumuzi akitembea. Dawa za aina ya permethrin, zilizotengenezwa maabara kwa kuiga nguvu ya maua ya pareto, zilimuua dumuzi vizuri, lakini kwa fukusi zikawa dhaifu. Suluhisho likawa kuzichanganya mbili kwenye kopo moja. Kenya, nchi iliyowahi kuongoza dunia kwa pareto, ikawa inanunua mwigo wake wa kiwandani ili iokoe mahindi.

Sasa aliingiaje kwetu? Hapa ndipo mimi hucheka, ingawa si jambo la kuchekesha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulibaki umefungwa mpaka Novemba 1983. Na dumuzi aliripotiwa Kenya mwaka gani? 1983, huko Taveta. Marais walikuwa hawajamaliza kugawana madeni ya ndege na reli, mdudu akawa ameshapata uraia wa nchi mbili.

Mpaka ule, ukweli usemwe, haukuwahi kufungwa kwa mahindi. Ulifungwa kwa malori yenye karatasi. Kwa wenye baiskeli na punda, na kwa waliojua njia ya usiku, biashara ya magendo iliendelea, kwa sababu njaa ilikuwa pande zote. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 80 Ukambani kulikuwa na njaa waliyoiita Nikw'a Ngwete, nakufa nikiwa nimeshika. Kilichoshikwa ni pesa: watu walikuwa na noti mkononi, mahindi hayapo madukani. Kisha ukaja ukame wa 1984, ule wa mahindi ya manjano kutoka Marekani ambayo wazazi wetu bado huyasimulia kwa kukunja uso. Mtu akikuletea gunia wakati kama huo, utamuuliza limetoka wapi? Utalifungua kukagua vitundu? Utasema asante, uweke sufuria motoni. Kila nikifuatilia safari ya mdudu huyu nakuta hali hiyo hiyo. Tabora alifunguliwa mlango na wenye njaa. Taveta pia. Na mwanzoni mwa miaka ya 90, wakati kusini mwa Afrika kulipokuwa na ukame mkubwa na nafaka ikisafirishwa huku na huko, alionekana Malawi na Zambia. Huko Togo aliibuka 1984, na wataalamu wanaona alifika kivyake kutoka ng'ambo, si kwa kutembea toka kwetu.

Kutoka Taveta ni Voi, na kutoka Voi ni barabara ya Mombasa: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu. Watanzania walimpa jina la Scania, kama lori. Sisi tukamwita Osama. Huwa nayaweka majina hayo mawili pamoja kwa sababu yanasema tulichokuwa tunakiona. Scania ndiyo iliyobeba magunia. Ukiona mashine inayomeza barabara bila kuchoka, unaweza kumpa mdudu jina lake. Na jina Osama Nairobi ililifahamu mapema kuliko New York. Bomu la ubalozi wa Marekani lililipuka hapa tarehe 7 Agosti 1998, likaua zaidi ya watu 200, wengi wao wakiwa watu waliokuwa kazini tu siku ya Ijumaa. Mkulima wa Makueni aliyefungua ghala akakuta vumbi tupu hakuhitaji mtu amfafanulie jina hilo.

Serikali na watafiti nao walikuwa wanatafuta namna. Wazo lililopendwa lilikuwa la kwenda kwao Osama na kuuliza: huko nani anamla? Jibu lilikuwa mbawakawa mwingine, mweusi, anayeng'aa, Teretrius nigrescens. Njia yake ni ya kijanja. Dume la dumuzi likipata chakula kizuri hutoboa na kutoa harufu ya kuwaita wenzake, madume na majike, waje wale na wazae. Teretrius anaifahamu harufu hiyo. Anaifuata kama mtu anayefuata muziki wa harusi asiyoalikwa, akifika anakula mayai na watoto wa wenyeji. Togo walimwachia 1991. Kenya ikafuata 1992, kupitia KARI, ambayo leo ni KALRO, katika nyika za kusini-mashariki, Makueni ikiwemo.

Yaani miaka kumi na moja kabla ya likizo yangu ile, rafiki yetu alikuwa ameshaachiliwa karibu na kwa susu. Nilipomweleza susu hivi majuzi, alinitazama kwa muda.

"Ni mweusi, mdogo, anang'aa?"

"Ndiyo."

"Huyo tulikuwa tunamponda pia."

Si kosa lake. Hakuna aliyefika kijijini kumwonyesha. Lakini hata asingepondwa, Teretrius hakutosha. Katika maeneo ya joto alipunguza idadi ya dumuzi wanaonaswa mitegoni, na hilo si dogo, ila ghalani huzaa polepole kuliko anayemwinda. Dumuzi kizazi kimoja ni kama mwezi tu penye joto. Halafu kuna lile suala la mbao. Mitego iliyowekwa mbali na mashamba, porini kabisa, ilinasa dumuzi pia. Anaishi kwenye miti na matawi makavu, akisubiri. Unaweza kusafisha ghala lako hadi ling'ae, ukachoma magunia ya zamani, bado atatoka kichakani usiku akiruka. Fukusi ungeweza kumwambia ondoka nyumbani kwangu. Huyu nyumba yake ni nchi nzima.

Kuna hasara ambayo haionekani kwenye asilimia zile. Baada ya 2003 susu aliacha kuweka mahindi. Sisemi aliacha kulima. Alilima kama kawaida, Februari akavuna, na kabla mwezi wa tatu kuisha akawa amewauzia madalali waliopita na lori, kwa bei yao, kwa sababu kila mtu kijijini alikuwa anauza wiki hiyo hiyo kwa hofu hiyo hiyo. Ikifika Agosti alikuwa ananunua mahindi sokoni Kibwezi kwa gorogoro, kwa bei ambayo mama alikuwa akimtumia pesa kutoka Nairobi. Wakati mwingine nawaza kwamba alikuwa ananunua mahindi yake mwenyewe, yaliyokaa tu kwenye ghala la mtu mwenye uwezo wa kununua dawa ya kweli. Maana alijaribu dawa, usidhani hakujaribu. Ile aliyouziwa sokoni ilipimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kipande cha gazeti, na Osama waliila pamoja na mahindi.

Ukiishi Nairobi unaliona jambo hili kutoka upande wa pili. Bei ya unga inapanda katikati ya mwaka, tunapiga kelele mtandaoni, tunalaani serikali, na mara nyingi serikali inastahili. Lakini sehemu ya bei hiyo imeandikwa Februari, mkulima aliposhindwa kungoja. Mtu mwenye stoo salama anaweza kungoja. Asiye nayo anauza kwa wenye stoo.

Miaka michache iliyopita binamu yangu alimpelekea susu magunia mapya, yale ya matabaka matatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, gunia la kawaida nje. Yalianzia katika utafiti wa kuhifadhi kunde huko Cameroon miaka ya 80, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Hakuna dawa. Unajaza mahindi makavu, unakamua hewa, unafunga kila mfuko peke yake kwa kuukaza kabisa. Wadudu waliomo wanavuta oksijeni iliyobaki mpaka inaisha, na wao pamoja nayo. Bei yake ni mara kadhaa ya gunia la kawaida, na susu alilalamikia bei hiyo mwezi mzima ijapokuwa hakuilipa yeye.

Alijaza mawili, kama majaribio. Mengine aliyauza kama kawaida, kwa sababu haamini vitu upesi. Binamu anasema usiku wa kwanza alimkuta stoo, tochi mkononi, sikio limebanwa kwenye gunia. Sauti ilikuwepo. Usiku wa pili ilikuwepo, hafifu. Baada ya siku kadhaa akaenda, akasikiliza, akarudi kulala bila kusema kitu.

Agosti nilipofika tulifungua moja. Kwenye plastiki ya ndani, karibu na fundo, kulikuwa na kitundu kidogo kama cha sindano. Mmoja alikuwa amejaribu kutoka. Susu aliniagiza nilete utepe wa gundi akaziba pale pale. Mahindi yalikuwa mazima. Alinipimia gorogoro sita za kurudi nazo mjini, akafunga gunia kwa kupindisha mdomo wake mara tatu, akaniuliza kama kwangu nina ndoo yenye kifuniko.

Nilimwambia ninayo. Akasema nimtumie picha.